SIKU YA HATARI YA MOTO IHESABIWE SIKU YA KAZI



Mvua za masika zikishakwisha mwishoni mwa mwezi wa Mei, nchi yetu huingia katika kiangazi, msimu ambao kwa Kirundi twauita ici. Tangu Juni mpaka Agosti, na mara nyingine mpaka Septemba imefika katikati, huku Giheta na katika Kirimiro yote mvua huwa haba mno, na ziko wiki nyingi zisizo na hata tone moja. Nyasi za milimani hugeuka rangi ya shaba. Majani ya mikaratusi hukauka na kulundikana chini ya miti. Upepo wa kutoka kusini-mashariki huvuma mchana. Wenye nafasi huuita huu msimu mzuri, kwa kuwa barabara hazina tope na arusi ni nyingi. Lakini sisi tunaolima, tunaochuma, tunaokoboa kahawa, tunaochoma matofali na kulisha kuni matanuri ya viwanda, twaujua kwa jina lake jingine. Ni msimu wa moto.

Katika ukurasa huu twataka kusema neno moja, nalo ni hili. Siku ambayo ukavu, jua na upepo vimekutana, kazi yoyote ya nje inayotumia moto isimame, na kazi iliyo karibu na msitu au nyasi kavu ifanywe alfajiri au iahirishwe. Na mfanyakazi aliyesimama kwa sababu hiyo alipwe siku yake. Bila hilo la pili, la kwanza ni maneno matupu, na hapa chini tutaeleza kwa nini.

MSIMU WA MOTO NDIO MSIMU WA KAZI

Yafaa tuangalie kwanza ni kazi gani hufanyika wakati huo. Kahawa huchumwa tangu Machi mpaka Juni hivi, huoshwa, kisha huanikwa juani. Ikishakauka hupelekwa viwandani kukobolewa, na kazi hiyo huendelea katika kiangazi chote. Maganda ya kahawa ni makavu na mepesi. Vumbi lake hutua juu ya mashine, juu ya taa na kwenye pembe za kuta. Cheche moja ya umeme, au mkanda wa mashine uliopata joto kwa kusuguana, yatosha kuliwasha. Na maganda yaliyolundikwa nje ya kiwanda yaweza kuungua ndani kwa ndani kwa muda mrefu bila mwali kuonekana, mpaka siku upepo utakapoyafikia.

Mabondeni, kiangazi ndio wakati wa matofali. Tofali lataka jua ili likauke, kisha lataka kuni ili liive, na tanuri likishawashwa huwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Gitega ilifanywa mji mkuu wa siasa kwa sheria ya mwaka 2019, na mji unaojengwa hula matofali, na matofali hula kuni. Matanuri yako chini bondeni, nyasi kavu ziko juu ya mteremko, na upepo hauombi ruhusa ya kupita.

Milimani nako, watu huchoma makaa. Wafugaji huwasha nyasi kuukuu ili zichipue changa. Walinaji wa asali hupanda na mienge. Wakulima huchoma mabaki ya shambani ili wawe tayari kwa mvua za Septemba. Na juu ya vilima hivyo hivyo imesimama mikaratusi na misonobari, mingi ikiwa imetokana na kampeni za kupanda misitu za mwisho wa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980. Mkaratusi una mafuta katika majani yake. Ndiyo maana huwaka kwa kishindo, na magome yake yanayobanduka hurushwa na upepo yakiwa yanawaka, yakaanguka mbele ya moto wenyewe na kuanzisha moto wa pili.

Hali hii si ya Giheta peke yake. Katika nchi ya chai, pale Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro, majani hukaushwa kwa joto la kuni, na mashamba ya mikaratusi yamepandwa ili kulisha matanuri. Kule Moso ndugu zetu wa miwa huvuna katika miezi ya ukame. Na ndugu wa Muyinga wanapakana na Mbuga ya Ruvubu, ambayo ni hifadhi tangu 1980, yenye zaidi ya hekta 50,000 za mbuga na misitu, ambako moto wa kiangazi ni jambo la kila mwaka. Kwa hiyo mahali pa kazi panapotuweka karibu na moto ni pengi, na saa za kazi zinazotuweka karibu nao ni zile zile ambazo jua limesimama kichwani.

SIKU YA HATARI HUJULIKANA KABLA

Wapo wanaosema kwamba moto ni ajali, na ajali haina taarifa. Hilo si kweli. Cheche yaweza kuwa ajali. Lakini siku ambayo cheche itageuka kuwa moto wa kilima kizima hujulikana tangu asubuhi.

Moto wahitaji kitu cha kuungua, hewa na joto. Katika kiangazi kitu cha kuungua kiko kila mahali, na upepo huleta hewa mpya kwa wingi. Nyasi nyembamba hukauka kwa saa chache tu baada ya umande kuondoka. Ndiyo sababu moto ulioonekana mpole saa moja asubuhi huwa mnyama mkali saa nane mchana, wakati hewa imekauka kabisa na upepo umepanda.

Katika nchi kadhaa za Ulaya na kwingineko, wazima moto huitumia kanuni ya 30 tatu: joto likipita digrii 30, unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 30, na upepo ukipita kilomita 30 kwa saa, basi siku hiyo ni ya hatari kubwa. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini tusiivae kama koti la mtu mwingine. Gitega iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na joto la digrii 30 si la kila siku. Patroni akingoja kipimajoto kifike hapo, atangoja mpaka kilima kiwe majivu. Kwetu sisi, ukavu na upepo vyatosha kuleta msiba.

Hatuhitaji mashine za gharama ili kuisoma siku. Dalili tano hizi kila mfanyakazi aweza kuziona:

Kwanza, mvua haijanyesha kwa wiki mbili au zaidi.
Pili, asubuhi hapakuwa na umande, au umekauka mapema mno.
Tatu, ukiikunja nyasi mkononi yavunjika kwa mlio badala ya kupinda.
Nne, moshi wa jikoni walala upande badala ya kupanda juu.
Tano, upepo wainua vumbi na karatasi barabarani. Hapo umekwisha kufika kilomita 20 kwa saa au zaidi. Ukiona miti midogo yote inayumba, ujue umefika 30.

Jambo la sita ni la kudumu katika nchi yetu ya vilima. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyokwenda tambarare, kwa kuwa mwali huilalia nyasi ya juu na kuikausha kabla haijaifikia. Wataalamu hukadiria kuwa mteremko wa digrii 10 huuongezea moto mwendo mara mbili, na wa digrii 20 mara nne. Mwanadamu naye, akipanda mlima, mwendo wake hupungua. Hesabu hiyo aifanye kila kapita kabla ya kupanga watu juu ya mteremko huku tanuri au moto wa makaa uko chini yao.

TAWI LA MTI SI SILAHA

Moto ukishatokea, desturi ya mahali pengi ni moja. Kapita hupiga kelele, wafanyakazi huacha majembe na vikapu, kila mmoja hukata tawi bichi na kwenda kuupiga moto. Tunausifu moyo huo. Ni moyo wa kusaidiana, na misitu mingi imeokolewa nao wakati moto ukiwa bado mdogo. Lakini ni lazima tuseme mpaka wake uko wapi.

Tarehe 30 Juni 2013, katika jimbo la Arizona huko Marekani, mahali paitwapo Yarnell, wazima moto 19 wa kikosi kimoja walikufa pamoja. Hawakuwa vibarua waliookotwa njiani. Walikuwa watu wa kazi hiyo, wamefundishwa, wana mavazi, wana redio, na kila mmoja alikuwa na hema dogo la kujikinga na joto. Upepo uligeuka, moto ukawakuta katika bonde lenye vichaka. Ikiwa watu wa namna hiyo waliweza kufa, je, ni haki kumtuma mchuma chai mwenye kandambili na tawi la mkaratusi akapambane na mwali unaompita urefu?

Wazima moto wa huko walikuwa na fundisho lililotolewa mwaka 1991 na mmoja wao, Paul Gleason, la mambo manne ambayo lazima yawepo kabla mtu hajaukaribia moto: mlinzi anayeutazama moto kutoka mahali pa wazi, njia ya kupashana habari, njia ya kukimbilia, na mahali salama pa kufikia. Hayahitaji fedha nyingi. Mlinzi ni mtu mmoja mwenye macho mazuri aliyesimama mahali salama penye kuona mbali. Habari ni filimbi, au rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini. Njia ya kukimbilia ni ile iliyofyekwa mapema na inayojulikana na wote. Mahali salama ni shamba lililolimwa likabaki udongo mtupu, au barabara pana, au bonde lililolimwa mboga mbichi, au eneo ambalo tayari limeungua na kupoa. Likikosekana moja katika manne, mtu asiende.

Na kama moto umekuwahi, ndugu, shika haya. Usikimbie kupanda mlima ukiukimbia moto unaopanda. Kimbia ubavuni, kukata njia ya upepo, uelekee pasipo na nyasi. Usijifiche katika kichaka wala mtaro uliojaa majani. Ukiweza kupita salama kuingia palipokwisha kuungua, ingia, maana moto haurudi penye majivu. Ukikosa yote, lala kifudifudi juu ya udongo mtupu, funika uso na mikono, vuta pumzi karibu na ardhi. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandia ngozi. Nguo ya pamba ni bora zaidi. Viatu vilivyofunga mguu ni bora kuliko kandambili. Na kitambaa kibichi puani hakizuii sumu ya moshi. Chaweza kupunguza majivu makubwa tu, kwa hiyo kisikupe ujasiri wa kukaa ndani ya moshi.

MOTO ULIOZIMWA NA MOTO ULIOKUFA

Tunalo fundisho jingine kutoka mbali, nalo linawahusu watu wa mashamba moja kwa moja. Mji wa Lahaina, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, ulikuwa mji wa mashamba makubwa ya miwa. Kiwanda chake cha sukari kilifungwa mwaka 1999. Mashamba yakaachwa bila kulimwa, nayo nyasi ndefu zikayateka, nyingi zikiwa ni za asili ya Afrika zilizopelekwa huko kwa malisho. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali sana ulivuma. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo la hatari ya moto. Asubuhi nyaya za umeme ziliangusha cheche katika nyasi, wazima moto wakaja, wakauzima, wakaondoka. Mchana moto ule ule ulifufuka kutoka katika mabaki yake, ukaingia mjini. Watu zaidi ya 100 walikufa, na majengo zaidi ya 2,000 yakaungua. Ving'ora vya tahadhari vilikuwapo kisiwani. Havikulizwa.

Mambo matatu yanatoka hapo. Onyo lilikuwapo, lakini onyo lisilofuatwa na amri ni tangazo tu. Kengele ilikuwapo, lakini hakuna aliyeipiga. Na moto uliozimwa haukuwa moto uliokufa. Katika kazi zetu, jivu la tanuri la jana, kisiki kilichoungua juzi, lundo la maganda ya kahawa linalotoa harufu, vyote hivyo ni moto uliolala. Jivu limwagiwe maji, lichanganywe na udongo, limwagiwe tena, na mkono uwekwe karibu kuhakikisha limepoa. Na mlinzi abaki hapo mpaka kesho yake. Mlinzi huyo alipwe, maana kulinda jivu ni kazi.

Karibu zaidi nasi, Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro uliungua kwa zaidi ya wiki moja. Kadiri ilivyoelezwa na wasimamizi wa hifadhi, moto ulianzia Whona, wakati wapagazi wa watalii walipokuwa wakipasha chakula. Watu kwa mamia walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha Mweka, na eneo la kilomita za mraba zaidi ya 90 likaungua. Wako waliosikia habari hiyo wakasema: wapagazi wazembe. Sisi tunauliza swali jingine. Mpagazi anayebeba mzigo wa mwenzake mlimani, ambaye lazima apashe chakula, alipewa mahali pa kuwashia pasipo na nyasi? Alipewa ndoo ya maji? Ni rahisi kumlaumu aliyeshika kiberiti. Ni vigumu zaidi kumuuliza aliyepanga kazi.

KWA NINI KIBARUA HAONDOKI

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini. Ndugu zetu wengi mashambani na kwenye matanuri hulipwa kwa siku au kwa kipande. Asiyemaliza kipande chake, kapita hamtii alama kwenye karatasi. Asiye na alama hana unga jioni. Mtu huyo huona dalili zote tano. Huusikia upepo. Hunusa moshi tangu saa sita. Lakini anajua pia kwamba akiondoka yeye kwanza, ataitwa mvivu, na kesho yake mtu mwingine atakuwa amesimama kwenye mstari wake. Basi hubaki. Anabaki kwa sababu ya njaa ya watoto wake, wala hakuna ujinga ndani yake.

Kwa hiyo mafundisho yote ya usalama, na mabango yote ya rangi nyekundu, hayatafaa kitu ikiwa gharama ya kujiokoa inatoka katika mfuko wa mnyonge. Ukimwambia mtu kimbia, huku ukimkata siku, umemwambia chagua kati ya moto na njaa. Watu wa jasho wamekwisha kuchagua mara nyingi, na mara nyingi wamechagua moto.

Je, sheria inasemaje? Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 24 Novemba 2020, inamtaka mwajiri alinde usalama na afya ya wafanyakazi wake. Sheria ya misitu ya 1985, iliyorekebishwa mwaka 2016, inapiga marufuku moto wa porini na kuweka adhabu. Burundi ni mwanachama wa Shirika la Kazi la Kimataifa tangu 1963. Mkataba wa shirika hilo namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu za kweli za kuona hatari kubwa iliyo karibu, alindwe asiadhibiwe. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu kilimo hasa, unarudia haki hiyo kwa watu wa mashamba. Na mwezi wa Juni 2022 mkutano wa Geneva ulikata shauri kwamba mazingira salama ya kazi ni haki ya msingi, sawa na uhuru wa kuunda sendika, na kwamba nchi zote wanachama zina wajibu wa kuiheshimu, hata zile ambazo hazijatia sahihi mikataba yenyewe.

Tunaona basi kwamba haki ya kuondoka ipo kwenye karatasi. Lililobaki ni kuishusha kutoka Geneva mpaka kwenye mstari wa chai na mlango wa tanuri. Kazi hiyo ni ya sendika, na haiwezi kufanywa na mtu mwingine.

Tena si jambo lisilowezekana. Katika jimbo la California, ambako watu wengi wa mashamba ni maskini waliohamia kutoka nje, tangu mwaka 2019 kuna kanuni juu ya moshi wa moto wa porini. Kipimo cha uchafu wa hewa kikifika 151, mwajiri analazimika kuwapa watu wa nje vizuia moshi vya kweli, na kupunguza muda wao ndani ya moshi pale inapowezekana. Mavuno yaliendelea.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Tunajua watakayosema. Watasema, kahawa haingoji. Tunajibu kwamba kahawa ikishaungua hungoja milele. Kazi nyingi zaweza kuhamishwa saa. Kuanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa tano kabla upepo haujapanda, si kupoteza siku, ni kuitumia vema. Tanuri la matofali laweza kuwashwa usiku wenye utulivu, nyasi zikiwa zimefyekwa pande zote na maji yakiwa karibu.

Watasema, mkipewa nafasi mtaona moshi kila siku. Tunajibu kwamba hatuombi kila mtu aamue kwa hamu yake. Tunapendekeza kitabu. Kila siku ya kiangazi, saa nne asubuhi, kapita na mjumbe wa wafanyakazi wasimame pamoja, wahesabu zile dalili tano, waandike. Zikipatikana tatu, upepo ukiwa mmojawapo, ni siku ya hatari: moto wa nje hauwashwi, na watu huondolewa kwenye miteremko yenye nyasi. Wote wawili watie sahihi. Kitabu hicho hakidanganyi upande wowote, na siku mkaguzi wa kazi atakapofika, atakisoma.

Watasema, hakuna fedha. Tunajibu kwamba waweke kwenye mizani siku chache za vibarua upande mmoja, na shamba, kiwanda na makaburi upande mwingine.

MADAI YETU

Kwa hayo yote, tunadai yafuatayo yaingizwe katika mapatano ya kazi kabla ya kiangazi kingine:

1. Siku ya hatari ya moto iliyoandikwa katika kitabu ihesabiwe siku ya kazi, kwa mtu wa mshahara, wa kutwa na wa kipande.

2. Asiwepo mfanyakazi anayetumwa kuzima moto bila kufundishwa, bila viatu, na bila yale mambo manne. Anayekataa asiadhibiwe.

3. Kila kiwanda, kituo cha kahawa na tanuri kiwe na njia ya kuzuia moto iliyolimwa mpaka udongo uonekane, mapipa ya maji yaliyojaa, mchanga, majembe, na pampu za mgongoni zilizooshwa dawa ya mimea. Mabomba ya moshi yafungwe wavu wa kuzuia cheche. Vumbi la maganda lifagiwe kila siku, si kila wiki.

4. Milango ya kiwanda ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani.

5. Kila kibarua aandikishwe katika bima ya ajali za kazini ya INSS, ili atakayeungua asiachiwe mzigo wa matibabu na watoto wake wasiwe ombaomba.

6. Tunaiomba IGEBU, inayopima hali ya hewa, iseme siku za upepo na ukavu kwa redio, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, mapema asubuhi, kabla watu hawajatoka majumbani.

NASI TUNA WAJIBU

Ndugu, tusiwe watu wa kudai tu. Wengi wetu tukitoka kiwandani tunashika jembe letu wenyewe. Mkulima anayechoma mabaki juu ya kilima ni kaka yetu, shemeji yetu, jirani yetu. Tusimfanye adui. Tumwendee, tumweleze dalili tano, tumsaidie kufukia mabaki yawe mbolea, au kuyaweka chini ya kahawa yahifadhi unyevu. Mwenye kuvuta sigara asitupe kipande njiani. Mwenye kulina asali asiache mwenge. Mama anayepika chakula cha wafanyakazi kando ya shamba apewe mahali palipofagiwa na ndoo ya maji, na tumpe mkono kumwagia jivu lake kabla ya kuondoka. Na katika kila kundi tuchague mmoja wa kupiga rimu, na mmoja wa kuhesabu watu, ili moto ukitokea tujue nani hajarudi.

Tujue pia kwamba mtu mmoja akiacha kazi siku ya upepo ni mtoro, lakini kundi zima likiacha pamoja, kwa kitabu kilichotiwa sahihi, ni wafanyakazi wanaofuata mapatano. Tofauti kati ya mawili hayo ndiyo sendika.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari. Kiangazi hakikosi kuja. Mkutano wa wajumbe ufanyike mvua zikiwa bado zinanyesha, nyasi zikiwa bado mbichi na vichwa vikiwa vimetulia. Kila mjumbe auulize uongozi wa mahali pake swali moja tu: siku ya upepo, nani analipa? Jibu liletwe kwenye sendika kwa maandishi.

Kilima kikiungua huchipua tena mvua ikinyesha. Mfanyakazi hachipui.

Umoja ni nguvu!